Loda Mbele, Uzito Nyuma: Kwa Wenye Trekta Ndogo

Tunapokagua mashamba ya maziwa na ya maua hapa Kenya, kosa moja hujirudia: trekta ndogo imefungwa loda (mikono yenye ndoo ya kubebea mzigo) mbele, huku nyuma mikono ya kubebea plau ikiwa mitupu. Mwenye shamba akiulizwa hujibu kwamba trekta ni nzito ya kutosha. Si kweli.

Chukua trekta ambayo ekseli zake zimeachana mita 1.6. Samadi ya kilo 300 ikiwa mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele, magurudumu ya nyuma hupoteza kilo 225 na ekseli ya mbele huongezewa 525. Hapo loda yenyewe hatujaihesabu. Sasa ning'iniza kilo 300 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma: magurudumu ya nyuma hupata karibu kilo 488, na ekseli ya mbele hupunguziwa karibu 188. Maji ndani ya matairi ya nyuma na vyuma vya uzito vinavyofungwa kwenye rimu zake husaidia, ila huongeza kilo zake zenyewe tu na mbele havipunguzi chochote.

Watu hudhani hatari ni trekta kuangukia mbele. Hatari kubwa iko ubavuni. Ekseli ya mbele imeshikwa kwa pini moja katikati ili ifuate mabonde ya ardhi, kwa hiyo kinachozuia trekta isilale ubavu ni magurudumu ya nyuma. Yakiwa mepesi, shimo dogo latosha kuipindua. Tena breki za trekta nyingi za aina hii ziko nyuma. Kwenye mteremko, gurudumu lisilogusa ardhi vizuri halisimamishi kitu.

Kumsimamisha utingo nyuma awe uzito ni marufuku. Tumelieleza hili mara nyingi mno, na bado tunaonyeshwa kana kwamba ni ubunifu. Mtu si uzito wa trekta. Vile vyuma vya uzito vinavyofungwa mbele wakati wa kulima navyo viondolewe loda inapofungwa.

Sanduku la chuma la sentimita 50 kila upande, likijazwa zege, hufika takribani kilo 300. Kabla ya kulitengeneza, soma kitabu cha loda kuhusu uzito unaotakiwa na cha trekta kuhusu kilo ambazo mikono ya nyuma inaweza kubeba. Pipa la lita 200 lililojaa zege hukaribia kilo 480, na trekta nyingine haziliwezi. Funga pini zote, beba mzigo chini, fremu ya kinga (inayomlinda dereva trekta ikipinduka) iwe wima na dereva afunge mkanda.

Kuhusu sheria: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwenye mahali pa kazi kuweka mitambo na taratibu salama na kuwafunza wafanyakazi. Akikiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Ajali ikiua, afisa wa usalama wa eneo aarifiwe ndani ya saa 24, kisha taarifa ya maandishi kwa fomu rasmi ifike ndani ya siku 7. Ajali ikijeruhi bila kuua, taarifa ya maandishi pia ni ndani ya siku 7, zikihesabiwa tangu siku ya ajali. Kibarua wa siku moja naye anahesabiwa kuwa mfanyakazi.