Pikipiki inazima barabarani, ikifika gereji inawaka: usikimbilie kununua CDI

Hakuna kazi inayonikera na kunipa raha kwa pamoja kama pikipiki ya zamani inayozimika yenyewe. Ikiwa imekufa kabisa ni rahisi, unafuata waya mmoja baada ya mwingine mpaka unakuta penye shida. Ila hii inayokufa ikiwa kwenye mwendo, mwenyewe anaisukuma kilomita 2 jua linamuwakia, akifika kwangu napiga kiki moja inawaka safi kabisa, hapo ndo watu wanapoliwa hela. Mteja anaona aibu kama vile kadanganya, fundi naye anataka aonekane kafanya kitu, basi linatolewa CDI, kile kiboksi kinachopeleka moto wa plagi kwa wakati wake, linawekwa jipya, kesho kutwa imezima tena.

Nafanya umeme wa pikipiki hapa Morogoro, na nataka niwaelezee kwa kutumia pikipiki moja iliyonifundisha sana, Honda CG125 ya zamani ya mzee mmoja wa Mgeta. Wasioijua CG125, ni ile Honda iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1970 na injini yake ndo imeigwa na pikipiki nyingi sana za Kichina tunazopanda leo, ndo maana hata rangi za waya utakuta zinafanana. Kijani ni eathi, yaani ule unaogusa chuma cha pikipiki, nyekundu inatoka betri, nyeusi ni moto, yaani umeme, uliopita kwenye swichi ya funguo, na nyeusi yenye mstari mweupe ni ule waya wa kuzimia injini. Huo wa mwisho ushike kichwani, tutarudi kwake. Ila usiamini rangi asilimia mia, maana pikipiki ya miaka 20 imeshapitia mikono ya mafundi wangapi, unaweza kukuta kipande cha waya wa spika katikati.

Mzee alikuja na mfuko wa nailoni una CDI tatu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, alafu kabla hata hajakaa akaumwaga ule mfuko kwenye benchi akasema hizi zote nimefungiwa kwa mwaka mmoja na bado inanizimia mlimani. Kilichonishtua ni maneno aliyoongeza, kwamba kila wakifunga mpya inakaa vizuri wiki mbili tatu ndo inarudia. Watu wengi wakisikia hivyo wanasema CDI feki zimejaa mjini. Inawezekana kweli. Lakini CDI tatu tofauti, maduka tofauti, zote zife kwa namna moja baada ya muda ule ule? Hapo mi nikajua CDI haihusiki, ila kuna kitu kinaguswa wakati wa kuifunga. Ili uifikie unafungua siti, unanyanyua tenki, unavuta soketi, unasogeza waringi, yaani lile fungu la waya, huku na huku, na lile kosa linahama sehemu yake kwa muda. Yaani kilichoponya siku hizo ni mkono wa fundi kupita kwenye waya, CDI imesingiziwa tu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye tatizo la hivi ni kuuliza, na usiulize "ina shida gani" maana atakujibu inazima. Muulize ikizima ulikuwa unafanya nini. Imeshapata moto au asubuhi? Mvua ilinyesha? Barabara nzuri au makorongo? Ulikuwa umenyoosha au umekata kona? Alafu kuna swali moja mi nalipenda kuliko yote, honi inalia? Namwambia mteja siku ikizima tena, kabla hujasimama, funguo usiiguse, bonyeza honi hapo hapo. Jibu lake linanipunguzia nusu ya kazi.

Sababu ni hii. Pikipiki nyingi za zamani moto wa plagi hautoki kwenye betri, unatoka kwenye koili, yaani waya uliozungushwa, iliyoko ndani ya magneti inayozungushwa na injini, unaingia CDI, unaenda koili ya plagi. Betri ni ya honi, indiketa na taa baadhi. Ndo maana CG ya hivyo hata ukichomoa betri inawaka kwa kiki (usiiache inguruma muda mrefu bila betri na taa zimewashwa, utaunguza balbu). Sasa kama injini imekufa na honi inalia vizuri, basi upande wa betri ni mzima, tafuta upande wa magneti. Vikifa vyote kwa mpigo mi macho yangu yanaenda kwenye swichi ya funguo, kwa sababu ndo sehemu ambayo mifumo yote miwili inapita, ukizima inakata moto wa betri na wakati huo huo inaugusisha ule waya mweusi wenye mstari mweupe na eathi ili injini ife. Swichi ikichakaa ndani mtikisiko tu unaizima. Na hapa niseme, mtu anayening'iniza funguo za nyumba, za duka na kifungulio cha soda kwenye swichi ya pikipiki anaiua mwenyewe, ule uzito unacheza siku nzima. Kwa zile pikipiki ambazo CDI inatumia moto wa betri ni tofauti kidogo, honi na injini vikifa pamoja anza na vichwa vya betri na fyuzi. Ile fyuzi ya kioo usiiangalie tu kwa macho, ishike uizungushe, mara nyingi uzi wa ndani unakuwa umeachia pale kwenye kofia ya chuma, inaonekana nzima kumbe inagusa na kuachia.

Mzee akasema honi inalia, hilo ana uhakika, maana huwa anapiga honi kwenye kona. Na inazima akiwa anashuka kutoka nyumbani kuja mjini, zaidi kwenye kona za kushoto. Kupanda haizimi. Nikamuuliza na kwingine? Akafikiri akasema, na pale nikiingia getini kwangu.

Nikaiwasha, ikawaka. Nikakata usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, inanguruma tu. Nikatikisa waya za shingoni, hamna. Nikaiendesha mpaka Kihonda na kurudi, hamna. Hapa ndo fundi anakata tamaa anarudi kwenye kubahatisha vifaa, na mi nakuomba usifanye hivyo. Kama haijazima mbele yako bado hujajua, na kama hujajua usibadilishe kitu. Kazi yako inakuwa ni kuilazimisha izime.

Kabla sijaendelea niondoe kitu kimoja njiani, siyo kila kuzima ni umeme. Kifuniko cha tenki kikiziba tundu la pumzi, petroli inashindwa kushuka, pikipiki inakufa baada ya dakika 15 au 20, ukisubiri kidogo inawaka. Ukifungua kifuniko ukasikia pssss umeshapata jibu bila hata bisibisi. Na ili usibishane na nafsi yako tembea na plagi nzima mfukoni, ikizima tu vua kofia ya plagi, chomeka ile ya mfukoni, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na petroli, usiishike kwa mkono, piga kiki. Cheche ikiruka ya bluu yenye mlio basi nenda kwenye kabureta. Ila fanya dakika ile ile, ukisubiri kupumua kosa limeshaondoka.

Basi nikakaa kwenye pikipiki ya mzee nikawa najifanya nashuka kona ya Mgeta. Mtu akishuka kona anafanya nini? Anakata usukani, anashika breki, anapunguza gia. Kupunguza gia maana yake anavuta klachi! Na getini pia anakata kushoto huku kavuta klachi. Mi pale gereji nilikuwa nimeiwasha ikiwa frii, klachi sina habari nayo. Nikakata kushoto nikavuta klachi, ikazima papo hapo. Nikawasha, nikarudia, ikazima. Mara ya tatu ikazima. Mzee alisimama bila kusema kitu.

Nikavua tenki nikaangalia shingo ya pikipiki. Kuna fundi siku za nyuma alikuwa ameufunga waringi pamoja na kebo ya klachi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, alitaka usining'inie. Sasa kebo ya klachi haikai imetulia, ukivuta mkono na yenyewe inajinyoosha, na kwa kuwa imefungwa pamoja na waya inazivuta. Ukiwa umenyoosha usukani hamna shida. Ukikata kushoto nafasi inapungua, ukivuta na klachi juu yake, zile waya zinakandamizwa kwenye ukingo wa chesisi. Nikachana tepu taratibu na kiwembe. Ilikuwa imeyeyuka kwa jua inanatanata kama ulimbo. Ndani, ule waya mweusi wenye mstari mweupe ulikuwa umekwanguka sehemu ndogo kama punje ya mchele, nyuzi tatu za shaba zinang'aa kabisa, na kwenye chesisi pale pale kuna kidoa kimetoka rangi kina vitone vyeusi vya kuungua. Ukigusa eathi kwa waya ule ni sawasawa na kuzima funguo. Injini ilikuwa inazimwa kihalali kabisa, ila sio na mzee.

Ukitaka kuhakikisha kosa la namna hii bila kuchana waringi wote, uchomoe waya huo kwenye soketi ya CDI alafu uendeshe. Kama haizimi tena basi shida iko kwenye waya wa kuzimia au kwenye swichi, CDI na magneti ni wazima. Ila jua kwamba funguo haitaizima tena, inabidi uweke gia, ukanyage breki, uachie klachi ife. Na usiushike huo waya injini inanguruma, una umeme wa magneti, utakurusha.

Waya ungekuwa umekatika badala ya kukwanguka ningetumia vidole. Waya uliokatika ndani ya plastiki unaujua ukiupinda, sehemu nzima inagoma kidogo kama mti mbichi, sehemu iliyokatika inakunjika laini kama utambi. Nimepata wengi hivyo bila mita ya kupimia umeme. Na kwa mita kuna mtego nataka uuelewe, waya au soketi iliyoliwa na kutu ya kijani ikabaki imegusana kidogo tu, ukiipima kwa mita itakuonyesha volti 12 kamili, kwa sababu mita yenyewe haivuti umeme wowote wa maana. Ndo maana natembea na balbu ya breki ya wati 21 niliyoiunga waya mbili. Hiyo inavuta karibu ampea 2, waya mgonjwa hauwezi kujificha, balbu inawaka hafifu au haiwaki kabisa. Ukipenda mita basi ipime taa ikiwa imewashwa, mguu mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine pale waya unapoingia kwenye taa, ukipata zaidi ya nusu volti kuna sehemu njiani inakula umeme.

Yale makosa ya joto ni habari nyingine, pikipiki inakufa ikishachemka na ikipoa inawaka. Hapo koili ya magneti inapimwa ikiwa ya moto, ya baridi haikwambii kitu. Shaba ikipata joto ukinzani unapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii, kwa hiyo koili iliyosoma omu 300 asubuhi ikisoma 370 ikiwa ya moto hiyo ni nzima, usiitupe. Mita ikionyesha umeme haupiti kabisa basi waya wa ndani unaachia ukitanuka. Kama sitaki kuendesha mpaka ichemke naazima draya ya saluni jirani naipuliza CDI au koili ya plagi huku injini inanguruma.

Pikipiki ya mzee niliikata ile sehemu mbovu, nikaweka kipande kipya nikaulehemu, ila viungo nikavisogeza chini ya tenki mbali na shingo, maana risasi ya kulehemu inaufanya waya kuwa mgumu na ukiuweka panapopinda utakatika pembeni ya kiungo. Nikauvisha bomba la plastiki, nikaupitisha upande wake, kebo ya klachi upande wake, na nikaacha ulegevu wa kutosha usukani ukate mpaka mwisho pande zote bila kuvuta kitu. Alafu nikakata kushoto na kuvuta klachi mara 30 nahesabu. Mzee naye akataka kuhesabu zake. Haikuzima.

Baada ya hapo nikachukua zile CDI tatu za kwenye mfuko, nikazifunga moja moja kwenye pikipiki ile ile, zote ziliwasha na zote zikaendeshwa mpaka barabara kuu na kurudi. Mzee moja akaifunga kwenye nailoni akaiweka chini ya siti, mbili akaniachia, na ndo ninazozitumia mpaka leo kupimia pikipiki za watu kabla sijawaambia wakanunue mpya.