"Nina cheti cha BRELA, nani atanigusa?"

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mama wa Ngamiani, hapa Tanga, anayepeleka mafuta ya nazi Mombasa. BRELA ndiyo wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, na cheti alichonitolea mkobani kilikuwa cha jina la biashara. Mama yangu, hiyo si alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotambulisha bidhaa yako! Jina la biashara linasema nani anafanya biashara. Halikupi nguvu ya kumzuia mwingine kulibandika kwenye chupa zake.

Na hata angekuwa na alama iliyosajiliwa, nguvu yake ingeishia mpakani Horohoro. Ukishaingia Lungalunga, upande wa Kenya, daftari linalotazamwa ni la KIPI, ofisi ya Kenya inayosajili alama, Nairobi. Usipokuwemo, wakala wako mwenyewe anaweza kukutangulia kuliandikisha jina lako, nawe ukabaki kuhangaika na wanasheria kulirudisha. Kinachoniuma zaidi ni Pemba. Watu wanapakia mzigo hapa Tanga wakijua wanakwenda nchi ileile, na ni kweli, lakini kwa alama za biashara Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, BPRA. Cheti cha BRELA hakivuki Mkondo wa Pemba.

Tena msingoje cheti kitoke ndipo mfikirie Kenya. Chini ya Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwandani, ukishapeleka ombi la kwanza la alama una miezi 6 ya kuomba kwingine na bado ukahesabiwa tarehe ileile ya mwanzo. Miezi hiyo inaanza siku ya ombi. Na angalieni daraja, yaani kundi la bidhaa ambalo alama inasajiliwa: mafuta ya nazi ya kupikia yako daraja la 29, ya kupaka nywele daraja la 3. Kama chupa zako zinauzwa kwa yote mawili, lipia yote mawili.

Na kuna mengine ninayoyasikia. "Wimbo wangu lazima niusajili kila nchi." Hapana. Hakimiliki huzaliwa na kazi yenyewe, na nchi za Mkataba wa Berne, Tanzania na Kenya zikiwemo, zinaitambua bila usajili. COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, nenda, itakufaa kwa ushahidi.

"Uvumbuzi wangu nitauonyesha sabasaba kwanza, hataza baadaye." Usithubutu. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, hutaka kitu kipya. Ukishaanikwa hadharani unaweza kuhesabiwa si mpya tena.

"Kikoi ni chetu sote, nani atakisajili?" Kampuni ya Uingereza ilishaomba kulimiliki neno "kikoy" kama alama yake, na Wakenya ndio waliosimama kupinga.

Mama yule nimemwandikia sentensi moja ya kuongeza kwenye mkataba wa wakala wake: alama ni yangu, na huna ruhusa kuisajili popote kwa jina lako. Aisainishe kabla katoni nyingine haijapanda gari.