Kukesha si utundu

Mtoto mwenye ADHD, hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kutulia na kuwa makini, akiwa macho saa sita usiku, watu husema amedekezwa. Si hivyo. Giza linapoingia, ubongo hutoa melatonini, homoni inayoujulisha mwili kuwa usiku umefika. Kwa wengi wenye ADHD homoni hiyo huchelewa. Watafiti wa Uholanzi waliipima kwenye mate ya watu wazima wenye ADHD waliokosa usingizi, wakakuta imechelewa kwa zaidi ya saa 1. Kumfokea alale saa tatu, basi, ni kumlaza mwili wake ukiwa bado jioni. Simu huzidisha tatizo, kweli, ila mara nyingi hailianzishi. Kinachosaidia ni jua la asubuhi na kuamka saa ileile, hata Jumapili. Vidonge vya melatonini vipo, lakini muda wa kuvimeza aupange daktari.