Baridi ya jangwani: maswali ya wanaopiga kambi na farasi

Huku Arizona mbio za farasi za masafa marefu hufanyika hata Januari, maana kiangazi jua halikubali. Safari ya kawaida ni maili 50, yaani kilomita 80, na mpandaji ana saa 12 za kuimaliza, vituo vya kukaguliwa farasi vikiwemo. Usiku wa kuamkia safari watu hulala kambini, farasi amefungwa kando ya trela. Nimekuwa msaidizi kambini misimu miwili, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa na wenzetu wanaokuja mara ya kwanza.

Jangwani si joto? Baridi inatoka wapi?

Mchana, ndiyo, shati moja linatosha. Lakini hewa ni kavu na anga haina wingu la kuifunika ardhi, kwa hiyo jua likizama joto lote hupaa. Saa 10 alfajiri nimeshika ndoo ya farasi nikakuta maji yamefanya ukoko wa barafu, na jana yake mchana tulikuwa tunatafuta kivuli.

Basi nivae makoti mawili nianze safari?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kinachowaangusha watu ni jasho kuliko baridi yenyewe. Ukianza umejifunika gubigubi, farasi akichapuka kidogo unaloa mgongo mzima. Mkifika kituoni mkasimama dakika 40, upepo unakukuta umelowa. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa hubaki imelowa na kukunyonya joto. Vaa ya sufu nyembamba au ya kitambaa cha michezo, juu yake sweta, kisha jaketi la kuzuia upepo unaloweza kulivua ukiwa juu ya tandiko. Ukianza safari unahisi kibaridi, umevaa sawasawa.

Vidole vya miguu vinakufa ganzi nikiwa juu ya farasi. Niongeze soksi?

Inategemea buti. Soksi mbili ndani ya buti linalobana ni mbaya kuliko moja, kwa kuwa damu haipiti, na damu ndiyo inayobeba joto. Vidole vichezecheze ndani ya buti. Vikuku vya chuma, vile vya tandiko unavyokanyagia, navyo hunyonya joto la unyayo. Vya plastiki au vilivyofunikwa ngozi vina nafuu. Dawa bora zaidi haiuzwi: shuka, shika hatamu, tembea naye dakika 10. Hata yeye atashukuru.

Usiku nina blanketi tatu na bado natetemeka. Kwa nini?

Kwa sababu zote umejifunika juu. Baridi inakupanda kutoka chini, na blanketi ulilolilalia limebanwa hata halina hewa ya kutunza joto. Tandika kwanza mkeka mnene wa sponji, ndipo uweke mfuko wa kulalia. Kabla ya kuingia, vua kila ulichovaa mchana, soksi hasa, hata kama unaziona kavu. Kula kitu kizito. Nenda haja ndogo usisubiri. Kisha chemsha maji, uyatie kwenye chupa ngumu isiyovuja, uivalishe soksi, na kuiweka mapajani. Usizibe mdomo kwa mfuko, maana pumzi yako ni unyevu.

Naweza kuingiza jiko la mkaa ndani ya trela?

Usithubutu. Ni hatari ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa kule nyumbani. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hukamata nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikianza, toka nje kwanza, maswali baadaye. Jiko la gesi ndani ya hema ni vilevile.

Kidogo cha pombe je?

Kinakupa hisia ya joto huku kikilitoa mwilini. Chai yenye sukari.

Nitajuaje kwamba mwenzangu yuko hatarini?

Kutetemeka ni mwili unajipigania. Ogopa anapoacha kutetemeka na bado ana baridi, anapoongea kama mlevi, anaposhindwa kufunga kifungo, au anapokwambia "niache nilale." Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 ni dharura: piga 911. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mpashe joto kifuani, shingoni na kwapani. Usimsugue mikono na miguu, wala usimnyweshe kitu kama hajitambui vizuri. Kidole kilichoganda kikawa cheupe na kigumu usikisugue wala kukiotesha moto. Hakihisi, kitaungua bila wewe kujua.

Na farasi mwenyewe?

Aliyeota manyoya ya majira ya baridi anavumilia kuliko wewe, mradi awe mkavu na apate nyasi kavu za kutosha: zinapochachuka tumboni humpa joto usiku kucha. Hofu yangu ni maji. Yakiwa ya baridi sana hunywa kidogo, na nyasi kavu bila maji humsokota tumbo. Kwa hiyo birika la kwanza asubuhi ni lake, namiminia kwenye ndoo mpaka yawe vuguvugu. Na mkifika kituoni ametoka jasho, mtupie blanketi kiunoni kabla hujajitafutia chai, maana misuli mikubwa ya nyuma ikipoa ghafla hukaza, na safari yenu itaishia hapo.