Kutua kwa tumbo si lazima iwe hitilafu ya magurudumu

Ndege ndogo ya mafunzo ikionekana imelalia tumbo uwanjani, habari hutoka palepale: "imepata hitilafu ya magurudumu." Mara nyingi magurudumu hayo yalikuwa mazima kabisa.

Hitilafu ya magurudumu ni pale rubani anapoyaamuru yashuke yakagoma, au yakashuka bila kujifunga imara mahali pake. Basi. Cessna 172 ya kawaida, ambayo wanafunzi wengi huanzia, haina hata cha kushusha, maana miguu yake haikunjwi. Mguu wa mbele ukivunjika baada ya ndege kudundadunda, kwa kawaida tatizo ni namna ilivyotua.

Utata uko kwenye ndege zenye magurudumu ya kukunjwa, kama Piper Arrow. Humo shinikizo la haidroliki, yaani la mafuta yanayosukumwa na pampu, ndilo linaloyashikilia juu. Pampu ikifa, rubani huliachia shinikizo hilo, nayo yakashuka kwa uzito wake na kujifunga. Taa tatu za kijani humthibitishia, moja kwa kila gurudumu. Moja isipowaka, huenda ni balbu tu, kwa hiyo huichomoa na kujaribu ya jirani yake. Hutazama pia swichi ya taa za dashibodi, kwani ikiwa imewashwa mchana, zile za kijani hufifia hadi zikadhaniwa zimezimika. Ndege ikipita karibu na mnara, waongozaji wanaweza kumwambia magurudumu yanaonekana yameshuka. Kama yamejifunga, kwa macho hawawezi kujua.

Kusahau kuyashusha ni jambo jingine kabisa, na mafunzo yana mazingira yake ya kusahaulisha. Mkufunzi amepunguza nguvu ghafla ili mwanafunzi ajizoeze kutua injini ikizimika. Macho yote yako kwenye njia ya kutua. Honi ya kuonya kwamba magurudumu hayajashuka inalia, lakini imekuwa ikilia tangu walipokuwa juu wakifanya mazoezi ya mwendo mdogo, na masikio yameshaizoea. Wanagundua propela inapokwangua lami.

Hilo likiitwa hitilafu, pampu isiyo na kasoro itafunguliwa bure na mazoezi yataendelea vilevile. Wala kusema "hayakushushwa" si kumtukana rubani. Kiambatisho cha 13 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinaeleza wazi kwamba uchunguzi ni wa kuzuia ajali, si wa kutafuta wa kulaumiwa.

Kabla chanzo hakijajulikana, tuandike tu kwamba ndege imetua kwa tumbo.