Kinywaji cha sauna kwa mtu wa Mtwara: dafu peke yake halitoshi

Wafini, ambao utamaduni wao wa sauna uliingia mwaka 2020 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, wana jambo moja ambalo sisi wa Mtwara hatuna. Mfini akitoka kwenye chumba cha nyuzi 80 au 90, nje anakuta ziwa la maji baridi au theluji. Mwili unapoa hapo hapo, jasho linakata. Mtu wa Shangani au Chikongola akitoka sauna mwezi wa Desemba anapokelewa na joto la nyuzi 30 na hewa nzito ya baharini ambamo jasho halikauki. Ameshaoga, ameshavaa, na shati linalowa tena.

Ushauri mwingi wa vinywaji vya sauna unaosambaa mitandaoni unamhusu yule Mfini. Mimi ni mtaalamu wa lishe, na watu ninaowahudumia wanaishi huku kusini, kwa hiyo naandika kwa hali yetu.

Nianze na kinywaji cha kabla, maana ndicho kinachosahaulika na ndicho muhimu kuliko vyote. Aliyeshinda juani sokoni, au aliyeshuka kwenye basi la Newala mchana, anaingia sauna akiwa tayari anadaiwa maji na mwili wake. Kunywa glasi mbili za maji ya kawaida ndani ya saa moja au mbili kabla ya kuingia. Ukienda haja ndogo ukaona mkojo una rangi ya chai ya rangi, siku hiyo ahirisha. Katikati, kila ukitoka kupumzika, piga funda moja moja. Maji ya baridi hayana ubaya wowote, ilimradi usiyabugie.

Kiasi cha kunywa baadaye usikikisie, tumia mizani. Jipime kabla, kisha ujifute vizuri na ujipime tena. Dakika 15 za joto lile zinaweza kukutoa karibu nusu lita ya jasho, na wengi huingia mara mbili au tatu. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Kitambi hakijaguswa. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaokaa na kiu makusudi ili mizani isipande tena, na hao ndio wanaoshikwa na kizunguzungu wakisimama, moyo ukienda mbio. Ukipoteza kilo moja, rudisha lita moja hadi moja na nusu, taratibu, kwa muda wa saa mbili tatu. Hiyo nusu ya ziada inafidia mkojo, na kwetu inafidia pia jasho linaloendelea kutoka ukiwa umekaa barazani.

Sasa dafu. Nalipenda, nalishauri, na ni bahati yetu watu wa pwani kulipata bichi. Lakini ukishatoka jasho jingi, dafu pekee linakuacha nusu njia. Jasho lina chumvi, yaani sodiamu, nyingi kuliko potasiamu. Dafu ni kinyume chake: potasiamu imejaa, hukaribia miligramu 250 kwa kila mililita 100, na sodiamu ni kidogo. Kwa hiyo tia humo chumvi kidogo, ile unayoishika kwa ncha za vidole viwili, au tafuna na dafu lako kiganja cha korosho za chumvi. Kwa mkoa wetu sijaona mlo mwepesi wa baada ya sauna unaoshinda huo.

Kuchagua dafu nako kuna jicho lake. Mwambie muuzaji alitikise sikioni. Lililojaa halisikiki kitu. Likisikika maji yanacheza ndani, limeshaanza kwenda kuwa koroma, maji yamepungua na nyama imeanza kuwa ngumu. Lichongwe mbele yako na ulinywe hapo hapo. Maji ya dafu yaliyotiwa kwenye chupa asubuhi yakashinda kwenye joto huchacha haraka.

Mwenye ugonjwa wa figo, na anayetumia dawa za presha, amuulize daktari wake kwanza kuhusu dafu, kuhusu chumvi, na kuhusu sauna yenyewe. Baadhi ya dawa hizo huzuia potasiamu isitoke mwilini, na ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo.

Usipopata dafu, lita moja ya maji safi, ndimu mbili, vijiko vitano vya chai vya sukari na robo kijiko cha chai cha chumvi vinatosha kabisa. Juisi ya ukwaju na ya ubuyu ni nzuri pia, ila zinazouzwa mitaani mara nyingi zimezidi sukari. Zimua kwa maji nusu kwa nusu. Soda nyingi zina kama gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, na sukari nyingi namna hiyo hulichelewesha tumbo kuyapitisha maji unayoyahitaji.

Wanaopiga nyungu nyumbani wafuate utaratibu huo huo. Blanketi na mvuke wa mchaichai vinakamua jasho vilevile.

Kuhusu pombe sina njia ya kati. Joto linatanua mishipa ya damu, pombe nayo inaitanua, presha inashuka na mtu anaanguka. Huko Ufini kwenyewe, uchunguzi wa vifo vya sauna umekuta pombe katika sehemu kubwa ya vifo hivyo. Bia, tembo la mnazi na uraka (pombe ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho) visiguswe kabla wala katikati, na hata baadaye visubiri mpaka umeshakunywa maji, umekula, na jasho limekata.

Lakini bibo lenyewe halina kosa. Msimu wa korosho ukifika, mabibo yanaachwa yakioza chini ya mikorosho wakati yana vitamini C kuliko chungwa mara kadhaa. Kinachowakimbiza watu ni ule ukakasi. Yakamue yakiwa mabivu na safi, changanya juisi na uji mwepesi wa mchele uliopoa, acha itulie, kisha chuja kwa kitambaa: ukakasi mwingi unabaki kwenye machicha. Ongeza maji, ndimu na chumvi kidogo, weka kwenye barafu. Inywe siku hiyo hiyo, kwa sababu kwenye joto letu haichukui muda kuanza kutoa povu, na ikifika hapo imeshakuwa uraka.