Sheria za kijiweni na sheria za kitabuni

Tanzania Bara ina sheria za aina mbili. Za kwanza hutungwa Dodoma. Za pili hutungwa kijiweni, saluni na kwenye vikao vya harusi, na hizi ndizo zinazojulikana zaidi. Zina vifungu vyake, zina adhabu zake, na kila mtaa una mzee mmoja anayezitafsiri bila kusita. Tatizo linaanza pale mtu anapozibeba kwenda nazo mahakamani. Nimezikusanya chache ambazo huwaponza watu mara kwa mara. Nazungumzia Bara tu, kwa sababu Zanzibar ina sheria zake za ardhi na Mahakama zake za Kadhi.

"Ukikaa na mwanamke miezi sita, huyo ni mkeo"

Miezi sita hiyo haimo popote. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataja miaka miwili, na hiyo miaka peke yake haitoshi. Lazima wawili hao wawe wameishi kwa namna ambayo majirani, ndugu na watu wa karibu wanawahesabu kuwa mume na mke. Mwanamume anayekuja Ijumaa na kuondoka Jumapili, huku akimtambulisha mwenzake kama "rafiki", hata akifanya hivyo miaka mitano, hajatimiza sharti hilo.

Wengi pia hawajui kwamba kifungu hicho hakifungishi ndoa. Kinaipa mahakama ruhusa ya kudhani kwamba ndoa ipo, na dhana hiyo huvunjika ukiletwa ushahidi wa kuipinga. Mwanamume akiwa na cheti cha ndoa ya kanisani na mke mwingine aliye hai, ndoa hiyo ya kudhaniwa inaanguka, maana hakuwa na uwezo wa kuoa tena. Hata hivyo mwanamke haondoki mikono mitupu. Kifungu hichohicho kinamruhusu kuomba matunzo yake na ya watoto.

Hapohapo kuna imani nyingine: kwamba mama wa nyumbani, asiye na mshahara wala duka, ndoa ikivunjika anaondoka na kanga zake tu. Mahakama ya Rufani ililimaliza hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja. Hukumu hiyo hutajwa kila mahali, ila wanaoitaja husahau kusema kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata alichoomba. Mahakama iliona kuwa mumewe alikwisha kumpa fedha za biashara ya familia, naye akazitapanya. Kwa hiyo kanuni ipo, lakini haimaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande unapaswa kuonyesha ulichangia nini.

"Mwenyekiti amegonga muhuri, kiwanja ni changu"

Hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu gharama yake ni akiba ya maisha. Mnunuzi anaandikiana na muuzaji kwenye karatasi, mashahidi wanne wanasaini, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anagonga muhuri, na katika mitaa mingi anadai asilimia kumi ya bei. Mnunuzi anarudi nyumbani akijiona mwenye mali.

Hakuna sheria inayosema muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unahamisha umiliki wa ardhi, wala inayomtengea asilimia kumi. Kubwa zaidi analoweza kufanya ni kuwa shahidi mzuri: anawajua wakazi, anajua nani alirithi nini na nani anagombana na nani. Ushahidi wake una thamani siku mgogoro ukifika barazani. Lakini muuzaji ambaye hakuwa na haki hakuwa na cha kuuza, na muhuri haumpi. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, uhamisho unapitia ofisi ya ardhi na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Safari ya kwenda huko kuangalia jina la nani liko kwenye daftari ni rahisi mno ukilinganisha na kesi.

Kijijini mambo ni tofauti, na huko pia watu hudanganyika, ila kwa njia nyingine. Huko mwenye sauti si mwenyekiti, hata akiwa amekaa madarakani miaka ishirini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Ukionyeshwa ekari hamsini na ukaambiwa "wazee wameshakubali", omba muhtasari wa mkutano mkuu. Wengi wa wawekezaji waliorudi mjini wakilalamika kwamba wanakijiji ni wakorofi hawakuwahi kuuomba.

Jambo moja zaidi kabla ya kulipa: kama unachonunua ni nyumba ambayo muuzaji anaishi na mwenzi wake, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinataka ridhaa ya mwenzi huyo. Haijalishi hati ina jina la nani. Usiridhike na "mama yupo safari, ameshaniambia niuze tu".

Na ile miaka 12? Kijiweni wanasema ukilima shamba la mtu miaka 12 linakuwa lako. Sheria ya Ukomo inasema mwenye ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri la kuidai, na kweli akichelewa anaweza kuzuiwa. Lakini Mahakama ya Rufani imeeleza kwamba kukaa muda mrefu peke yake hakumpi mtu ardhi. Anayedai kwa njia hiyo lazima athibitishe kuwa alikaa waziwazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenye mali. Mpangaji, mlinzi, shemeji aliyeachiwa nyumba ya kulala, mtu aliyekaribishwa kulima mihogo msimu mmoja akaendelea, wote hao walikaribishwa. Mgeni hawi mwenyeji kwa kukaa sana.

Mabaraza ya kata nayo: bado kuna watu wanaoshikilia kwamba baraza la kata "limempa" eneo mwaka juzi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata halina mamlaka ya kuamua nani mwenye ardhi. Linasuluhisha tu. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, mwenye dai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

"Nitamweka ndani mpaka anilipe"

Mkopeshaji akikasirika hukimbilia kituo cha polisi. Deni la kawaida ni shauri la madai, na polisi si wakusanya madeni. Kukopa na kushindwa kulipa si kosa la jinai. Jinai huja pale mtu alipokudanganya tangu mwanzo ili umpe mali, kwa mfano alipokuuzia gari ambalo si lake. Hilo liko kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na mwendesha mashtaka atatakiwa kuthibitisha udanganyifu huo. Kuonyesha tu kwamba hukulipwa hakutamfikisha mbali.

Je, mdaiwa hafungwi kabisa? Anaweza kufungwa, lakini mlolongo wake ni mrefu: kesi ya madai, hukumu, kukazia hukumu (yaani kuomba itekelezwe), na mahakama kuridhika kwamba anao uwezo wa kulipa ila anakaidi. Halafu, wakopeshaji wengi huishiwa nguvu wakisikia hili, mdai ndiye anayelipia posho ya chakula ya mfungwa wake wa madai. Asipolipa, mdaiwa anatoka.

Kwa upande wa wakopaji, wale wa mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, huogopa vitisho kuliko inavyostahili. Vijana wanaokuja kuvunja mlango na kubeba friji na televisheni si madalali wa mahakama kwa sababu tu wamevaa vizibao vinavyofanana. Dalali wa mahakama huja na amri, na amri hiyo unaruhusiwa kuisoma. Tangu mwaka 2018 kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na mkopeshaji asiye na leseni ndiye mwenye kosa la kujibu. Hili halifuti deni la yeyote, tusije tukaelewana vibaya.

"Ameachiwa kwa dhamana, amehonga"

Kati ya imani zote hizi, hii imeua watu. Kibaka anakamatwa Jumatatu, Jumatano anaonekana stendi, na mtaa mzima unakubaliana kwamba polisi wamekula. Mwizi wa pili akikamatwa, watu hawapigi simu. Wanatafuta tairi.

Dhamana haimalizi kesi. Mtuhumiwa anarudi nyumbani kwa ahadi ya kufika anapoitwa, akiwa na wadhamini watakaowajibika akitoroka, na shauri linaendelea. Hadi mahakama imtie hatiani, huyo ni mtuhumiwa. Yapo makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, lakini wizi wa simu haumo. Dhamana ya polisi haiuzwi pia. Vituo vingi vina bango ukutani linalosema hivyo, na wapo wanaotoa fedha wakiwa wameliegemea. Mahakamani, kwenye kesi za mali ya thamani kubwa, unaweza kutakiwa kuweka fedha au hati. Hiyo inarudishwa kesi ikiisha kama masharti yalifuatwa.

Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Baada ya hapo, kila kofi ni kosa jipya, safari hii la kwako, na "wananchi wenye hasira kali" si kinga inayotambulika mahakamani. Mtu huyo akifa, kila aliyeshiriki anaweza kushtakiwa kwa mauaji, kosa ambalo, kama nilivyosema, halina dhamana.

Na ukishamfikisha kituoni, usiseme "nitaifuta kesi" kama vile uliinunua. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Wewe ni mlalamikaji, na mahakamani utakuwa shahidi. Mnaweza kusameheana, na katika makosa madogo kama shambulio la kawaida mahakama yenyewe huweza kuhimiza mpatane, lakini mwenye mamlaka ya kuiondoa kesi ni Mkurugenzi wa Mashtaka.

Kelele, faini na Kiingereza

Haya matatu nayapitia haraka. Si kweli kwamba mchana kila mtu anapiga muziki atakavyo hadi saa nne usiku. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zina viwango vya mchana na vya usiku, na mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilifungia baa na kumbi kadhaa kwa kuvikiuka. Malalamiko ya maandishi yenye tarehe na saa hufika mbali kuliko ugomvi wa getini.

Mwenyekiti wa mtaa hawezi kujitungia faini ya takataka kikaoni. Kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo, unatumia sheria ndogo za halmashauri yake. Ukitozwa, uliza ni sheria ndogo ipi, kisha dai risiti ya serikali. Anayekutoza kihalali hatakasirika.

Na wanaosema sheria ni za Kiingereza kwa hiyo si zetu: Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikiendesha kesi kwa Kiswahili miaka yote, na mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa kazi ya kutafsiri sheria za zamani ni kubwa. Hukumu zinawekwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Anayeona hukumu ndefu zinamchosha anaweza kumtafuta msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye kisheria hapaswi kumtoza asiye na uwezo hata shilingi moja.